Sultani Harundi Hataki Kisu

Faraj alipanda mizani kwa mzaha tu.

"Sista Rispah, nipime na mie," alisema, kifua mbele. "Lakini jishike ukutani, jengo lisije likakuangukia."

Sista Rispah, muuguzi wa ukumbi wa kusafisha damu, akacheka. Wagonjwa nao wakacheka, kila mmoja kitini pake, mirija ya damu mikononi. Faraj alikuwa hamali wa soko la Marikiti, mtu wa kubeba magunia manne ya viazi huku anapiga mluzi, shingo nene kama kinu. Pale alikuwa akimsindikiza dada yake, Mwanakuu, ambaye figo zake zote mbili zimekufa.

Mizani ikasoma kilo mia moja na sabini.

"Heh! Bwana Faraj, umemeza nani?"

"Mdude wenu mbovu huo." Faraj akashuka. Miguu yote miwili iko sakafuni, na mizani haikurudi sifuri. Ilisimama kwenye themanini na tano, imetulia tuli, kana kwamba kulikuwa na mwenzake aliyekataa kushuka.

Crispus, fundi wa mitambo, akaja na bisibisi yake, akaigongagonga. Akapanda yeye: sawasawa. Akashuka: sifuri.

"Haina shida," alisema. "Labda ni wewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hapo hapo Faraj akasikia harufu. Udi. Udi mzito, wa harusi ya matajiri, ndani ya chumba ambacho hata kiberiti hakiruhusiwi. Akatazama huku na huku. Hakuna mwingine aliyekunja pua. Akarudi nyuma mpaka ukutani, maana alijua ile ni harufu ya nani. Na huyo nani alikuwa amemzua mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Ukumbi ule ulianza na mashine mbili, na mgonjwa wa figo alikuwa akingoja zamu mpaka azikwe. Sasa zimefika kumi na mbili, zimepangwa kama viti vya kinyozi, na bado hazitoshi. Watu waja kutoka Lamu, waja kutoka Kwale, waja na mito yao na chai kwenye chupa. Mashine zile zanywa maji kushinda ngamia wote wa Arabuni. Mifereji ikikauka, na mifereji ya Mombasa kukauka si habari, bauza la maji, lile lori la tangi, huletwa kwa vita. Bima ikichelewa kulipa, dawa huadimika. Umeme ukikatika, wauguzi hurukia mashine wakazungusha pampu kwa mkono, damu isigande ndani ya mirija. Ndipo daktari akamwambia Mwanakuu: tafuta ndugu akupe figo moja, utoke kwenye mateso haya.

Ndugu aliyelingana naye alikuwa mmoja tu, Faraj. Picha zilionyesha figo zake mbili, nono kama za fahali. Mtaa mzima wa Kuze ukasikia. "Mie nampa dadangu hata zote!" alitangaza barazani, kwa kinyozi, kwa muuza kahawa. "Damu niliyo nayo yatosha Pwani nzima na bara ikapata baki!" Mwanakuu, mwalimu wa madrasa, mama wa watoto wawili wadogo, akawa ambusu mikono kila amuonapo.

Kisha daktari akamchorea Faraj kwa kalamu, hapa ubavuni, mahali kisu kitakapopita. Simba la Marikiti likaaga kabla kalamu haijafika mwisho.

Ijumaa iliyofuata, baada ya pilau nyumbani kwa mama yao, Bi Fadhiya, Faraj alijiangusha mkekani. Akageuza macho, akatoa povu, akanguruma kwa sauti nzito ya kutoka tumboni: "Mimi ni Sultani Harundi, bwana wa bahari saba, mnukia udi! Nimekaa kichwani mwa huyu! Sultani Harundi hataki kisu!" Jina lile hakulipata kokote. Lilimtoka tu kama kikohozi.

Ikatosha. Pwani yote yajua mwenye jini hana hiari: jini akikataa samaki, samaki haliwi, akikataa kisu, mtu hakatwi. Mjomba Ishaq akachinja mbuzi wa kumtuliza mgeni, na Faraj akala maini yake. Mwanakuu, na uvimbe wake ule wa figo, akampepea kakake kwa pepeo mpaka alasiri, akamwomba radhi yeye na jini wake kwa kuwasumbua. Hapo ndipo roho ilipoanza kumuuma Faraj. Ilimuuma kama jino bovu, na bado hakusema.

Basi tangu siku ya mizani, maji yalikataa kumtoka Mwanakuu. Mtu wa figo huja amevimba, mashine ikamnyonya maji, akaondoka mwepesi. Mwanakuu alikuwa akiondoka mzito kuliko alivyokuja. Miguu ikamjaa kama mitungi.

"Kaka," alinong'ona siku moja, "kuna kitu chanikalia kifuani. Kama mtu. Mtu mnene, na yuwanukia vizuri."

"Uchovu tu huo," Faraj alisema, na hakuweza kumtazama.

Crispus akabadilisha mashine, akabadilisha mirija, akalaumu maji ya bauza, akalaumu aliyeiunda mashine na aliyemzaa aliyeiunda. Wapi!

Ikaja adhuhuri moja, jua limesimama utosini, saa ambayo wazee hukataza watoto kupita magofuni. Umeme ukakatika. Vipoza hewa vikanyamaza, mashine zote zikanyamaza, wauguzi wakarukia pampu wakaanza kuzungusha, na Faraj akanyoosha mkono kuizungusha ya dada yake, kumbe pampu ile ilikuwa tayari yazunguka, peke yake, taratibu, kwa starehe, kama mtu anayekoroga chai, na damu ya Mwanakuu yapanda mrijani wala hairudi, na udi ukajaa chumba mpaka machozi yakamtoka, na wauguzi wakawa kama picha ukutani, mikono imeganda kwenye pampu, na wale wagonjwa wengine kumi na mmoja, wazee kwa vijana, mmoja baada ya mmoja wakageuza nyuso zao kumwelekea, macho yamefumbwa, vinywa vimeachama, na sauti iliyotoka katika vinywa vile vyote ilikuwa moja tu, nzito, ya kutoka tumboni, ile ile aliyoibuni yeye juu ya mkeka wa mamake, pamoja na mkwaruzo wake wa sigara.

"Usiogope, kiti changu," ilisema, maana hivyo ndivyo jini amwitavyo mtu amkaliaye. "Nafanya kazi uliyoniitia."

"Kazi... kazi gani?"

"Hutaki kisu. Huyu akiwapo, kisu kipo. Huyu akifa, nani tena atakutaka figo?"

"Sikusema afe!"

"Ulisema nini, basi?"

Faraj akafungua mdomo.

Umeme ukarudi. Wagonjwa wakapiga miayo, wakauliza ni saa ngapi. Mwanakuu midomo ilikuwa ya buluu. Sista Rispah akamvisha hewa ya mtungi, kisha akamvuta Faraj kando.

"Bwana Faraj, sitakuficha. Moyo wake unazama kwenye maji. Mwili ukiendelea kukataa hivi, jiandaeni."

Faraj hakwenda kazini, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Swabaha, fundi wa majini, aliyekaa kichochoro cha nyuma cha Kuze, mwanamke mkavu kama samaki ng'onda, ulimi wake wembe. Wasemao walisema alipata kumtoa jini mtu kwa kumtukana tu.

"Jina lake?" Bi Swabaha aliuliza, apepeta mchele, hata hakuinua uso.

"Sultani Harundi."

"Mwongo. Masultani wa kijini wa kisiwa hiki nawajua kama nijuavyo masufuria yangu. Huyo hayumo."

"Ni... nilimtunga, Bi Swabaha."

Ungo ukasimama. "Ulimtunga?"

Faraj akasema yote. Aliyasema akiutazama mchele, na kila neno lilikuwa zito kupita gunia. Bi Swabaha akacheka, kicheko kirefu, kisha akakikata kama uzi.

"Mpumbavu mkubwa weye. Jina lisilo na mwenyewe ni nyumba tupu iliyoachwa wazi. Kuna majini huko nje hawana jina, hawana kiti, hakuna awajuaye. Mmoja kapita, kaona nyumba, kaingia. Umempa jina, umempa kiti, umempa na mwiko wa kuulinda. Yuwakupenda huyo! Hutapata mtumwa mwema kama yeye."

"Yuwamuua dadangu!"

"Kwa ajili yako." Bi Swabaha akaweka ungo chini. "Dawa ni moja. Uliyemtaja mbele ya watu, mkane mbele ya watu wale wale. Kisha akidai ujira wake, maana atadai, utamtajia: kuku mwekundu, halua, marashi. Utavitaja kwa majina, ufunge mdomo. Jini haachiwi achague. Wanisikia? Haachiwi."

Kesho yake adhuhuri wakakusanyika ghorofani kwa Bi Fadhiya, madirisha yamefungwa, ubani wa buhuri wafuka. Mwanakuu, aliyeombewa ruhusa hospitali, aliegemezwa ukutani kwa mito, yuwavuta pumzi kama mtu apandaye ngazi. Chano kiko katikati, na kuku na halua na marashi.

"Sema," Bi Swabaha aliamuru.

"Mama. Mjomba. Dadangu." Faraj alipiga magoti, mwanamume mzima. "Hakuna Sultani Harundi. Hakupata kuwako. Niliogopa kisu."

Bi Fadhiya akauma ncha ya leso yake.

"Tulikuchinjia mbuzi!" Mjomba Ishaq alisema. "Mbuzi mzima, Faraj! Na maini ukala!"

Mwanakuu alikuwa amtazama kakake, na pale pale alipokuwa amtazama, macho yale yakageuka meupe, kifua chake kikabonyea ndani kama godoro lililokaliwa na mtu, pumzi ikakatika, na sauti ile nzito ikatoka kinywani mwake bila midomo kucheza.

"Wanikana?"

"Nakukana," Faraj alisema.

"Mie nilikuwa sina jina. Ulinipa. Sasa wanivua hadharani." Moshi wa buhuri ukalala chini, ukatambaa mkekani. "Haya. Nipe changu nende."

"Mtajie!" Bi Swabaha alinong'ona. "Kuku! Anza na kuku!"

Faraj akatazama chano. Akamtazama dada yake. Midomo ya Mwanakuu ilikuwa imetoka buluu ikaingia weusi, vidole vyachimba mkeka, na watoto wake wawili wamsikia toka chumba cha pili, waita mama, mama, na jina la kuku, la kuku tu, kiumbe anayejulikana na kila mtoto wa dunia, likamtoka Faraj kichwani kana kwamba hajapata kumwona kuku maishani.

"Chukua utakacho!" alipiga kelele. "Chukua utakacho, mwache dadangu!"

Kofi la Bi Swabaha likamfika mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sauti ile ikacheka, kwa upole. Dirisha moja likafunguka lenyewe. Chano hakikuguswa hata punje ya halua. Baridi nyembamba ikapita ubavuni mwa Faraj, kama ulimi, kisha harufu ya udi ikaondoka, na Mwanakuu akavuta pumzi iliyosikika mpaka Liwatoni.

"Kachukua nini?" Mjomba Ishaq aliuliza.

Bi Swabaha alikuwa tayari akunja vitu vyake. Ujira wake hakuudai.

Zamu iliyofuata, mashine ilimtoa Mwanakuu maji kama bomba lililopasuka. Sista Rispah akamkumbatia mbele ya ukumbi mzima. Na Faraj hakungoja kuitwa. Alikwenda hospitali mwenyewe, amevaa shati jipya, akamwambia daktari: "Nikate. Leo. Usinipe nafasi ya kufikiri."

Daktari akampiga picha upya. Akaitazama. Akatoka, akaja na mwenzake, wakaitazama wote.

"Una figo moja, Faraj."

"Mbili. Mlinionyesha mbili."

"Lazima ile picha ilikuwa ya mtu mwingine. Tumezidiwa na wagonjwa, makosa hutokea. Huna kovu, hujapata kupasuliwa. Umezaliwa hivi. Na mwenye moja hatuwezi kumtoa."

"Toeni hiyo hiyo! Daktari, nakuomba, toeni hiyo hiyo!"

Walimtoa yeye mlangoni, wakimshika mikono.

Akaenda ukumbini mbio. Mwanakuu alikuwa kitini, mama na mjomba wako kando yake. Faraj akawaambia, maneno yajikwaa, jini kachukua, jini ndiye aliyechukua.

"Jini gani tena?" Mjomba Ishaq aliuliza taratibu. "Sauti ile ile si ulitutolea weye siku ya mbuzi, kisha ukasema hayuko?"

"Nilidanganya mwanzo, mjomba! Sasa nasema kweli!"

"Umempa nani shilingi ngapi hospitali aseme huna?"

Faraj akavua shati pale pale, mbele ya wagonjwa wote, akageuka wauone ubavu wake. Ulikuwa mzima, mpana, wang'aa kwa jasho. Hauna kovu, hauna mshono, hauna hata mkwaruzo wa ukucha. Bi Fadhiya akautazama, kisha akajifunika uso kwa leso.

Mwanakuu aliutazama kwa muda mrefu zaidi.

"Ubavu wako mzuri, kaka," alisema. "Mshukuru Mungu."

Akageuza uso wake upande wa mashine.