Mwache Chiriku Ajibu

Fundi Rangi alikuwa mchoraji wa mabango. Ukiona kinyozi ana ubao wenye picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri, au fundi baiskeli ana gurudumu jekundu juu ya mlango, basi ujue mkono wake umepita hapo. Kazi aliifanyia barazani kwake. Mbao ziliegemea ukuta, makopo ya rangi yalijipanga chini, na mwenyewe alikaa katikati kwenye kigoda. Suruali yake ilikuwa na madoa ya kila rangi. Mkewe alizoea kusema kwamba suruali ile ikitundikwa ukutani, haitakosa mnunuzi.

Walikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na minane. Jina lake la nyumbani lilikuwa Chiriku, na hakulipata bure. Anafagia huku anaongea, anapiga mswaki huku anaongea. Lakini mweke mbele ya daktari, anafunga mdomo kabisa. Na kwa nini aufungue? Baba yake alikuwa akimjibia kila kitu.

Chiriku alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka tisa. Daktari wa watoto alimwandikia vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akasema visikose hata siku moja. Fundi Rangi akapata wazo la kifundi. Alichukua makopo mawili madogo yenye vifuniko. Kwenye moja akachora jua, kwenye jingine akachora mwezi. Kila alipoleta dawa, alivitoa vidonge vyote kwenye karatasi zake, akavigawa kwenye makopo hayo, na boksi akalitupa. Mtoto akawa anajua la kufanya bila kusukumwa. Asubuhi anafungua jua, jioni anafungua mwezi. Mambo yakaenda hivyo miaka tisa, na miaka miwili ya mwisho hakuanguka hata mara moja.

Alipotimiza miaka kumi na minane, kliniki ya watoto ilimwambia kwamba sasa amekua. Alitakiwa kuhamia kliniki ya watu wazima, kwenye hospitali kubwa ya mji mwingine. Wakapewa barua, wakasafiri nusu siku nzima. Walipofika, wakakaa kwenye benchi na wazee tupu. Daktari wa zamu hakumjua Chiriku, na faili lake halikuwapo. Alimuuliza binti maswali matano, na yote matano yakajibiwa na baba. Kisha wakaenda kuchukua dawa dirishani. Mtoa dawa alieleza jambo fulani, lakini Fundi Rangi alikuwa anaangalia saa. Akaitikia "ndiyo, ndiyo," akachukua mfuko, wakaondoka. Njiani Chiriku alikuwa kimya, na hilo peke yake lilikuwa habari. Walipokaribia nyumbani alisema neno moja tu, kwamba pale yeye harudi tena.

Baba akavimimina vidonge kwenye makopo kama siku zote. Aliona vimekuwa vidogo kidogo. Akamwambia mkewe kwamba siku hizi hata wenye viwanda vya dawa wanabana matumizi. Wakacheka.

Mwezi uleule ilikuja barua ya furaha. Chiriku alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha upimaji wa ardhi. Angekwenda kukaa bwenini baada ya wiki nane. Aliisoma barua ile kwa sauti mara nyingi mpaka mama yake akaikariri.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Chiriku alianguka barazani katikati ya makopo ya rangi. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Fundi Rangi alimshika mikono kwa nguvu zote ili atulie. Mteja mmoja akaomba kijiko, amtie mdomoni asijing'ate ulimi. Bahati nzuri, nesi jirani yao alikuwa anaingia wakati huohuo. Alikuja kuchukua ubao wa zahanati aliouagiza.

Nesi hakupiga kelele. Alimwambia baba amwachie mikono, na mteja akirudishe kijiko jikoni, kwa sababu mtu akiwa katika hali ile hatiwi kitu chochote mdomoni. Alisogeza makopo, akakunja kitenge na kukiweka chini ya kichwa cha Chiriku. Kisha akatazama saa yake. Mtikisiko ulipopungua, akamlaza ubavu ili mate yatoke na pumzi ipite vizuri.

"Dakika mbili," alisema. "Zingepita tano bila kutulia, tungemkimbiza hospitali. Sasa mwacheni apumzike."

Chiriku alipopelekwa kulala, Fundi Rangi alikaa kwenye kigoda chake. Alisema chuo ndiyo basi. Hawezi kumpeleka mwanawe kwa watu wasiomjua, aanguke huko na wamtie vijiko mdomoni. Lakini ukuta ulikuwa mwembamba, na Chiriku alikuwa hajalala. Walisikia analia.

Nesi aliuliza juu ya kliniki mpya. Wakamsimulia yote: benchi, wazee, faili lisilokuwapo, na kwamba binti hataki kurudi. Nesi akatikisa kichwa. Alisema vijana wengi wenye maradhi ya muda mrefu hupotelea hapohapo. Kliniki ya watoto imeshawaaga, na ile ya wakubwa haijawazoea. Kijana anakata tamaa, anaacha dawa au anakosea kuitumia, na ugonjwa uliokuwa umetulia unarudi. Kisha akaunyanyua ubao wake uliokuwa umekauka.

"Fundi, hapa umeandika nini?"

"Chumba cha Kuongea na Daktari kwa Simu."

"Umeelewa maana yake?"

"Mimi naandika herufi, nesi. Kuelewa ni kazi ya wateja."

Mama Chiriku alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Nesi naye akatabasamu, akaeleza. Zahanati imepata chumba chenye kompyuta na kamera. Mgonjwa anakaa pale, daktari yuko mbali, lakini wanaonana na kuzungumza. Kijana anayehama kliniki hapewi barua tu akaachwa. Siku ya kwanza anakutana na madaktari wote wawili kwa pamoja, wa zamani na wa sasa. Wa zamani anamkabidhi kwa mwenzake, na mgonjwa mwenyewe anasikia. Baadaye anaweza kuongea na daktari wake kwa simu yake mwenyewe, hata akiwa chuoni. Kuna mambo simu haiwezi. Damu haipimwi kwa simu, na hali ya hatari haisubiri simu. Siku hizo atakwenda hospitali. Lakini mengi yatamalizika kwa mazungumzo.

Alhamisi iliyofuata walikwenda, baba na binti. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza moja na viti vitatu. Kwenye kioo cha kompyuta zilionekana nyuso mbili. Mmoja alikuwa daktari wa watoto, mzee waliyemzoea. Mwingine alikuwa mwanamke mwenye miwani, daktari wa kliniki ya watu wazima, si yule wa zamu. Chiriku akawaamkia kwa sauti ndogo.

Daktari mpya alimuuliza anatumia dawa gani. Fundi Rangi akasafisha koo, akasogeza kiti mbele.

"Fundi," daktari wa watoto akamkatiza, "sauti yako naijua kwa miaka tisa. Ya binti yako siijui. Mwache Chiriku ajibu."

Fundi Rangi alijikaza asijibu, na ilikuwa kazi kubwa kuliko kuchora ubao wa mita tatu. Hatimaye Chiriku alisema kwamba asubuhi anameza jua na jioni anameza mwezi. Daktari mpya akavua miwani. Chiriku akatoa makopo yake mkobani na kuyaonyesha kwenye kamera. Daktari aliyasifu, akasema kwamba hajawahi kuona dawa iliyopambwa vile. Kisha akauliza jina la dawa. Chiriku hakulijua. Akauliza nguvu ya kila kidonge. Hakuijua pia. Akauliza kama kuna kitu chochote kimebadilika siku za karibuni.

"Vidonge vimekuwa vidogo," Chiriku alisema. "Tangu tulipotoka hospitali kubwa."

"Uliona mwenyewe?"

"Niliona. Lakini nilidhani baba anajua."

Fundi Rangi aliinamisha kichwa. Yeye naye alikuwa ameona, na alidhani madaktari wanajua.

Daktari mpya aliomba kuona boksi. Baba akasema maboksi huwa anayatupa. Kisha akakumbuka kwamba lile la mwisho hakulitupa, kwa kuwa lilikuwa la karatasi ngumu nzuri. Alikuwa akilijaribia rangi. Akaomba ruhusa, akapanda baiskeli, na baada ya dakika kumi akarudi anahema, boksi mkononi, upande mmoja bluu na mwingine njano. Alitaka kumpa nesi. Nesi akamwonyesha kwa kidole ampe mwenye dawa.

Chiriku akasoma jina la dawa. Akasoma nguvu yake, miligramu mia mbili. Chini yake, kwa kalamu ya mtoa dawa, palikuwa pameandikwa: viwili asubuhi, viwili jioni.

"Mimi nilikuwa nampa vya mia nne," daktari wa watoto alisema taratibu. "Kimoja kimoja."

Haikuhitaji mtu kupiga hesabu kwa sauti. Kwa wiki zote zile Chiriku alikuwa anameza nusu ya dawa yake.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Fundi Rangi. "Ni mimi niliyemwangusha mwanangu."

"Sisi sote, Fundi," daktari wa watoto akamjibu. "Sisi tulimpa barua, tukadhani barua inatosha. Wewe ulimjua mgonjwa, wenzangu hawakumjua. Na mgonjwa hakuwa na nafasi ya kusema."

Basi wakarekebisha. Daktari mpya hakubadilisha dawa. Alimwambia Chiriku arudi kwenye kipimo chake kamili, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, na asiongeze, asipunguze wala asiache ghafla bila kuongea naye. Vidonge vikae kwenye karatasi zake na ndani ya boksi lake, kwa sababu maandishi ya boksi ni sehemu ya dawa. Kila akipewa dawa mpya, alinganishe jina na nguvu na ile ya zamani. Vidonge vikionekana tofauti, aulize kabla hajameza.

Kisha daktari akamwomba baba awapishe kidogo. Alieleza kwamba mgonjwa wa umri ule ana haki ya kuzungumza na daktari wake faraghani. Fundi Rangi akatoka, akasimama kwenye ukumbi bila kujua aweke wapi mikono yake. Maneno hakuyasikia. Alisikia mwendo wake tu. Mwanzoni yalitoka moja moja, kisha yakaanza kukimbizana, mpaka akamsikia Chiriku anaongea vilevile anavyoongea akifagia. Njiani kurudi nyumbani alijaribu kuuliza kwa kuzungukazunguka ili ajue walisema nini. Chiriku akamwambia tu kwamba waliongea.

Wiki zilizofuata Chiriku aliongea na daktari mpya mara tatu. Mara ya kwanza baba alikaa pembeni na mkewe akakaa karibu naye, kazi yake ikiwa kumfinya kila akifungua mdomo. Alimfinya mara nne. Mara ya tatu Chiriku aliongea peke yake chumbani, simu ameiegemeza kwenye kioo cha kujitazamia. Alikuwa tayari anajua jina la dawa yake kwa kichwa. Picha ya boksi ilikuwa kwenye simu. Kengele ililia asubuhi na jioni, na alihesabu vidonge ili atafute vingine kabla havijafika wiki ya mwisho. Daktari alimshauri alale vya kutosha, asiogelee wala asipande mahali pa juu akiwa peke yake. Pia amfundishe mwenzake wa chumbani afanye nini akianguka, na amwambie wazi kwamba kifafa hakiambukizi.

Siku ya chuo ilipofika, alikuwa hajaanguka tena. Fundi Rangi mwenyewe ndiye aliyebeba begi mpaka kituoni. Aliogopa, na alimwambia mwanawe kwamba anaogopa. Chiriku akasema kwamba hata yeye anaogopa, lakini anakwenda.

Miezi mitatu baadaye, Fundi Rangi alikuwa anachora ubao wa duka la viatu. Simu yake ikaita. Alikuwa yule daktari mwenye miwani. Mpaka hapo Chiriku ndiye aliyekuwa akipiga kliniki, na kwenye faili lililotoka kliniki ya watoto bado ilikuwamo namba ileile ya miaka tisa, namba ya baba. Baada ya salamu, daktari akauliza mgonjwa wake anaendeleaje.

Fundi Rangi alijua kila kitu. Alijua kwamba Chiriku hajaanguka, kwamba anameza viwili asubuhi na viwili jioni, na kwamba kipimo cha damu kimefanyika wiki iliyopita. Majibu yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Daktari, hiyo namba ni yangu," alisema. "Ya mgonjwa ni nyingine. Andika."

Akamtajia, tarakimu moja moja. Daktari akaandika, akashukuru, kisha akauliza, kwa kifupi tu, kama binti hajambo.

"Muulize mwenyewe," alisema Fundi Rangi. "Anajua kuliko mimi."

Akakata simu. Alimwambia mkewe kwamba anajisikia kama mtu aliyefukuzwa kazi. Mkewe akamwambia hajafukuzwa, amestaafu.

Jioni Chiriku akapiga. Aliongea nusu saa juu ya kamba za kupimia, na jua kali la kiwanjani, na mwenzake wa chumbani anayekoroma. Mwishoni kabisa akasema kwamba daktari amempigia.

"Tumeongea," alisema.

"Vizuri, mwanangu," akasema Fundi Rangi, na hakuuliza zaidi.