Kikombe cha Mheshimiwa Varrone

Kila asubuhi Carmelina aliteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, akayapandisha hadi kijijini Montescuro akiwa amejitwika ndoo ya shaba. Asubuhi ile hakutumwa maji. Mheshimiwa Attilio Varrone alikuwa anakuja kufungua bomba jipya, na Carmelina ndiye aliyechaguliwa kumpa kikombe cha kwanza.

Nani asiyemjua Varrone? Mafashisti walimfunga miaka mingi. Vita vilipokwisha akawa diwani, kisha mbunge, na sasa ilisemekana kwamba akirudi Roma atafanywa waziri.

Carmelina alipompelekea baba yake mkate nyuma ya kanisa, moyo ulimlipuka. Bomba lilikuwa halijafika! Baba yake, Donato, alikuwa amepanga mapipa yaliyojaa maji na kuyaunganisha kwa mpira wa maji hadi kwenye koki ya uwanjani. Tena yalikuwa mapipa ya kuchanganyia dawa ya kunyunyizia mizabibu, na ukoko wa buluu bado umeganda kwenye mbao.

"Baba, si sumu hiyo?"

"Tumeyasuuza," Donato alijibu bila kumtazama. "Meya kaniahidi kazi ya kufagia shule nikimfanyia hili. Ukifungua mdomo, mwanangu, tutakula nini?"

Uwanjani bendi ilipiga, watu wakashangilia. Carmelina alifungua koki. Ndani ya kikombe cheupe maji yalionekana ya buluu kidogo. Alimwogopa meya, aliogopa njaa, na zaidi ya yote aliogopa kumwona mzee yule akianguka mbele yake. Varrone alinyoosha mkono, lakini Carmelina hakukiachia kikombe.

"Unaninyima maji, binti?" Varrone alitania, na watu wakacheka.

"Usinywe, Mheshimiwa. Yametoka kwenye mapipa ya dawa ya mizabibu."

Meya, aliyesimama kando yao, alidakia kwamba mtoto ana homa. Varrone akamwambia meya kwa upole kwamba, kama ni hivyo, basi aanze yeye kunywa. Meya hakuinua mkono.

Varrone alikwenda nyuma ya kanisa, akarudi amekunja uso, akapanda jukwaani. Alikiri mbele ya wote kwamba alitia sahihi kuwa kazi imekwisha bila kuja kuiona, kwa sababu alitaka sherehe kabla ya uchaguzi. Magazeti yalimcheka, na uwaziri akapewa mwingine. Hata hivyo alihangaika Roma mpaka mabomba ya kweli yakaletwa.

Donato aliikosa kazi ya shule, akapata kibarua cha kuchimba mtaro wa bomba. Siku moja Carmelina alipompelekea chakula, alimwuliza kwa hofu kama bado amemkasirikia.

Donato aliweka sururu chini. "Nilikutisha kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa," alisema. "Kuogopa si kosa, mwanangu, kila mtu huogopa. Kosa ni kuacha woga ukuzibe mdomo wakati mwenzako anapewa sumu anywe."