Vidole Kumi kwa Safu

Mtuhumiwa alikamatwa uwanja wa ndege wa ng'ambo akiwa amelikumbatia gauni la harusi. Jamani!

"Ni baba yangu!" bibi harusi alimlilia Inspekta. "Fundi cherehani. Gauni kalishona kwa mkono wake. Na ndoa ni kesho!"

Inspekta, mama wa makamo ambaye mafaili yalimtii kuliko wanawe, alifungua jalada. Duka la saa la hapa mjini lilivunjwa tarehe tisa. Alama za vidole zilizotoka kwenye kioo zilitumwa kwa polisi wa ng'ambo, zikalingana na za Fundi walizochukua alipoingia nchini mwao. Lakini tarehe tisa Fundi alikuwa kule kule, wiki ya tatu.

"Makubwa haya," alisema Inspekta, akamwita karani wa alama.

"Kadi hii ndiyo yenye alama za wizi wa duka?"

"Ndiyo, afande."

"Mwizi gani mstaarabu hivi, kapanga vidole vyote kumi kwa safu?"

Karani aliitupia jicho droo ya meza yake.

"Fungua droo yako, mwanangu."

Mlikuwa na kadi nyingine, imekunjamana, ina duara la kahawia.

"Chai iliilowesha kadi ya wizi, afande," karani alikiri, machozi yakimlengalenga. "Ulisema ukiona kikombe kingine mezani, kazi sina. Niliogopa. Nikatuma badala yake kadi iliyokuwa karibu, kumbe ni ya Fundi, ya alipoomba hati ya tabia njema. Sikujua vidole vya mtu vinafika mbali hivyo."

"Vinafika mbali kuliko miguu yake."

Chini ya kioo cha kukuzia, kadi ya chai ilisomeka vizuri tu. Mwenye alama alikuwa mahabusu ghorofa ya chini, kaletwa juzi kwa wizi wa baiskeli, analalamikia godoro.

"Saa ziko kwa shangazi," alisema mwizi huyo kabla hajaulizwa mara mbili. Inspekta alicheka mpaka akashika ukuta.

Ng'ambo walikubali kumwachia Fundi. Inspekta hakukata simu.

"Kumwachia hakutoshi. Mfuteni kwenye orodha yenu, na mniletee maandishi. Sitaki akamatwe tena siku akirudi huko."

Kesho yake Fundi aliingia nyumbani na gauni lake, vigelegele vikapasua paa. Karani alikuwa akimngoja mlangoni, barua ya ng'ambo ya kumfuta Fundi orodhani ikiwa mkononi, kichwa chini.

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu."

Fundi alimtazama juu mpaka chini.

"Suruali imekupwaya mno. Jumatatu njoo nikupime."

"Nimesamehewa?"

"Umesamehewa. Na usiwe na wasiwasi, vipimo vyako vitabaki kwenye daftari langu. Sivitumi popote."