Domodomo Ilitafuta Ngozi

Chini ya mji wa Igombe Mpya, ndani ya matope ya ziwa ambayo taa haiyapenyi hata kiganja kimoja, roboti ya uokoaji Domodomo iliogelea bila jicho hata moja. Ilifuata ufundi wa samaki aliyeipa jina: mkia hutoa umeme hafifu, umeme huo huuzunguka mwili majini, na ngozi huhisi pale unapopindishwa. Jiwe huupinda hivi, mwili wa mtu vile. Roboti hiyo haikuwa na usukani; ilijiongoza yenyewe. Mhandisi Nyamizi, aliyeiunda, alijivunia hilo kuliko kitu kingine chochote.

Sasa aliketi mbele ya skrini, mikono mapajani, hana cha kushika. Mzamiaji Lushinge, aliyeshuka kukagua waya wa umeme uliopasuka, alikuwa amebanwa mguu na bamba la zege. Hewa yake ilibaki ya dakika kumi na moja. Kuzima umeme kungezima pampu zinazowapelekea hewa watu mia sita wa mtaa wa chini ya ziwa.

"Injinia," Lushinge alisema kwenye simu ya kofia, "samaki wako kanipita tena. Ananiringia huyu."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Nyamizi alifungua kumbukumbu za majaribio, ndipo akaona. Domodomo ilifundishwa kwenye bwawa la chuo, na wanafunzi walioigiza kuzama walivaa kaptula. Wazamiaji wa kweli huvaa mpira kuanzia utosini hadi unyayoni, umeme usiwapate. Kwa Domodomo, Lushinge alikuwa jiwe.

Alimwambia Lushinge kwamba roboti inamdhania jiwe. Lushinge akamuuliza, polepole, samaki huyo anatafuta nini hasa.

"Ngozi, kaka," Nyamizi alisema. "Lakini maji yana umeme."



"Basi navua glavu ya kushoto," Lushinge alisema. "Mkono wa kulia nalia ugali."

Ukasikika mguno mmoja, mrefu. Kwenye skrini, Domodomo ikageuka.

Iliinua bamba, na Lushinge alipandishwa juu akiwa hai. Mkono wa kushoto haukuamka tena.

Wiki iliyofuata kamati ya usalama ilimwita Nyamizi. Mwenyekiti alimsomea kanuni: glavu haivuliwi kwenye maji yenye umeme. Barua ya kuomba radhi kwa kumshawishi mzamiaji kuvunja kanuni ilikuwa imeshaandikwa, ikingoja sahihi yake. Hakuna mstari uliotaja bwawa.

Nyamizi aliisoma mara mbili, akairudisha mezani.

"Lushinge nimeshamwomba radhi, kwa ajili ya lile bwawa," alisema. "Ninyi siwaombi."