Mstari Mwekundu wa Muunga Vyungu

Kwii, kwii. Kanyagio la cherehani lililia kabla hakujapambazuka. Mama mtu akaamka, akamsogezea binti yake mshonaji chai.

Mezani lilitandazwa gauni jeusi lenye michirizi myeupe, iliyoigwa kwenye chungu cha kale. Chungu hicho mshonaji alikiona makumbusho, siku wanafunzi walipofurika humo hadi akamkanyaga mtu.

"Samahani, kaka."

"Kanyaga tu, dada, vidole ninavyo kumi," alijibu muunga vyungu, fundi wa makumbusho wa kuunganisha vyungu vilivyovunjika, aproni imejaa vumbi la udongo. Kisha akamtafutia kigoda, achore michirizi ya chungu ameketi.

Ndani ya miezi mitatu wakapendana. Jana msimamizi wa maonyesho ya mavazi akalikagua gauni, akacheka. "Mstari huu uliopinda si wa kale. Chungu kilikuwa na tundu, fundi wa makumbusho akalijaza kwa kubuni. Utoe, au gauni libaki nyumbani."

Simu ikaita. Alikuwa muunga vyungu.

"Mpenzi, umeamka?"

"Mpenzi wako nani? Uliniona nachora mstari wako, ukanyamaza."

"Uliuita mzuri kuliko yote. Nikaona aibu kusema ni wangu."

"Ungesema, ningeupenda zaidi."

"Basi utoe, usikose jukwaa kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia nautoa?" Akakata simu.

Akaufumua uzi mweupe wa mstari ule, akaushona upya kwa mwekundu, kila mtu aone mkono wa kale umeishia wapi na wa leo umeanzia wapi.

Mlangoni mwa ukumbi msimamizi akatikisa kichwa. "Nilikwambia utoe."

"Aliyefinyanga chungu naye alibuni. Kama gauni hulitaki jukwaani, nalivaa mwenyewe."

Akalivaa. Akapita mbele ya wageni wote taratibu, shingo juu, shingo zao zikimfuata, akatokea mlango wa pili, akavuka barabara hadi makumbusho.

Muunga vyungu alikuwa amepiga magoti kando ya chungu, akibandika kikaratasi: *Mstari huu uliopinda ni kazi ya mkono wangu.*

"Mkuu wako atakufukuza," mshonaji alisema.

"Na anifukuze. Jukwaa je?"

"Nimelikosa."

Muunga vyungu akautazama ule mstari mwekundu kwenye gauni, machozi yakamlengalenga. Akamvutia kile kigoda cha siku ile.

"Njoo tena kesho," akasema. "Kuna bakuli lina tundu kubwa, na safari hii sitaki kubuni peke yangu."