Macho ya Mzee Bartolomeo

Asukile aliiacha miwani mezani, akatoka kuchota maji kwenye pipa, na aliporudi vioo vyake vilikuwa na ukungu. Alivifuta kwa kidole. Ukungu haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani, pale yanapokaa macho, nao ulikuwa unajaa na kupungua, unajaa na kupungua, kama vile kuna mtu ameivaa na anapumua taratibu.

"Baridi tu hii," alijisemea. Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1974, na Iyunga yote ilikuwa imejikunyata. Akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa. Ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri, na saa kumi kamili alikuwa na mchezo.

Asukile alikuwa karani wa bohari ya kampuni moja ya mbao. Kampuni ilikuwa na bohari tatu, Iyunga, Makambako na Iringa, na kila moja ilikuwa na redio ya upepo ya kuulizia malori yamefika wapi. Malori yakishafika, redio ilikuwa haina kazi, na hapo makarani walicheza drafti. Kila mmoja alikuwa na ubao wake wenye namba, na vizibo vya soda vikiwa ndizo kete. Ukicheza, unasema: "Kumi na moja kwenda kumi na tano, ova." Mwenzako aliyeko maili mia mbili anakusogezea kete yako kwenye ubao wake. Karani wa Makambako alisikiliza na kuamua. Sheria ilikuwa fupi: ubao wako, kichwa chako, macho yako. Mshindi wa mwaka alitunza ngao ya mninga, na kwa miaka saba ngao hiyo ilikuwa haijabanduka ukutani Iringa, kwa Mzee Bartolomeo.

Mzee huyo Asukile alikuwa hajawahi kumwona. Alimjua kwa sauti tu, sauti ya Mhehe aliyesomeshwa na mapadri Tosamaganga, isiyo na haraka, iliyomwita "mwanangu" hata wakati inamla kete tatu kwa mkupuo.

Miwani aliikuta kwenye droo, nyuma ya vitabu vya stakabadhi vya Yotamu, karani aliyemtangulia, ambaye aliacha kazi ghafla bila kurudi kuchukua hata koti lake. Ilikuwa na vioo vya kijani kibichi na fremu ya chuma. Asukile aliivaa kwa sababu mng'ao wa mabati ya bohari ulimuumiza macho. Siku ile ubao ulipogeuka kijani, kizibo kimoja cha Mzee Bartolomeo kilionekana kama kimelowa maji. Alikitazama, hakuelewa. Kisha redio ikakoroma, na mzee akakitaja kizibo kilekile.

Alishinda mchezo ule. Akashinda na uliofuata. Kufikia hapo haikuwa vizibo tu. Aliuona mkono wa mzee, mweusi, wenye kidole cha shahada kilichopinda, ukielea juu ya ubao na kusitasita kabla mwenyewe hajaamua.

Siku moja alimuuliza Seni, dereva wa lori, Msukuma ambaye ukoo wake ulihamia Usangu na ng'ombe wao.

"Kaka Seni, mtu akivaa miwani kwenye drafti, ni kosa?"

"Kosa la nini? Karani wa Makambako si anavaa?"

"Na kama miwani inamwonyesha zaidi?"

Seni alizima injini. "Zaidi ya nini?"

"Zaidi ya ubao."

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Basi hapo huchezi wewe, ndugu yangu. Anacheza mwingine, wewe unamsemea namba."

Asukile alicheka, lakini tangu siku hiyo hakuiacha tena miwani ofisini. Alikwenda nayo nyumbani kwenye mfuko wa shati. Mkewe Sekela ndiye aliyegundua kwanza kwamba kuku hawaingii tena ndani. Walisimama kizingitini, wakanyoosha shingo, wakarudi nyuma kwa pamoja bila kupiga kelele. Halafu ikaja harufu, harufu ya utambi wa taa uliozimwa sasa hivi, katikati ya mchana, katika nyumba ambayo taa haijawashwa. Na Jumapili moja, wakitoka kanisani, walikuta ubao wa drafti uko chini sakafuni na vizibo vimepangwa. Sekela alisimama mlangoni na kitabu cha nyimbo kifuani.

Tak. Kizibo kimoja kilisogea.

"Umeona?" alinong'ona.

"Panya," Asukile alijibu, naye akinong'ona.

"Panya gani anayesubiri zamu yake?"

Ilibidi amweleze. Sekela alisikiliza mpaka mwisho huku akiisokota ncha ya kitenge chake.

"Baba, mrudishie mwenyewe kitu hicho. Au kitupe."

"Sheria haikatazi miwani."

"Haikatazi kwa sababu walioiweka hawakuijua."

"Sijagusa kete ya mtu hata moja, mama. Naona tu."

"Anayechungulia dirishani kwa watu pia hagusi kitu," Sekela alisema, akatoka nje kukaa na kuku wake.

Julai ilipoanza, Asukile alikuwa ameshinda mara tatu mfululizo, na mchezo wa nne ndio ulikuwa wa ngao. Siku hiyo ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza tangu asubuhi ukaifunika Iyunga, hata malori yakawasha taa saa nane mchana. Asukile alikaa mbele ya redio. Kabla hawajaanza, sauti ya Mzee Bartolomeo ilikuja, safari hii ikiwa na uchovu.

"Makambako, nina ombi. Siku hizi namba za ubao sizioni vizuri. Kila nikimaliza mchezo, macho yanapungua. Namwomba binti yangu Juliana anisomee ubao. Ova."

"Mimi sioni tatizo," karani wa Makambako alisema. "Iyunga, una pingamizi? Ova."

Asukile alishika kipaza sauti. Baadaye alisema kwamba hajui maneno yale yalimtokaje. Lakini yalimtoka, na miwani ikiwa machoni pake.

"Sheria ni kila mtu na macho yake. Ova."

Redio ikakoroma.

"Ni kweli, mwanangu," mzee alisema. "Sheria ni sheria. Nitacheza kwa kichwa."

Na alicheza. Bila kuuona ubao, akikumbuka kila kete ilipo, Mzee Bartolomeo alimbana Asukile mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Asukile aliuona mkono wa mzee, akauona ukisita, akamuwahi, na bado mzee alipata njia. Ndipo kioo kikafunguka zaidi ya siku zote. Aliiona meza ya Iringa, akaiona sweta ya mzee iliyotobolewa na nondo kiwikoni, akamwona msichana aliyesimama ukutani na mikono kifuani, akauona na uso wa mzee wenyewe, uso alioutamani kuujua miaka yote, ila hakuweza kuuona wote, kwa sababu nyuma ya kiti cha mzee alikuwa amesimama mtu mrefu ambaye kichwa chake kiliishia kwenye giza la dari, na mtu huyo alikuwa amemziba mzee macho kwa viganja viwili, kwa upole, kama watoto wanavyozibana macho wakicheza, na vidole vyake vilikuwa virefu mno, vinazunguka mpaka kisogoni, na kila Asukile alipokaza macho kuona vizuri zaidi, vidole vile navyo vilikaza, mzee akakunja uso kwa maumivu na kupapasa ubao wake.

Asukile alijua. Wakati ule ule aliijua na njia ya kushinda, kula kete mbili na kuingia kingi mstari wa mwisho, wazi kabisa.

Harufu ya utambi ikajaa chumbani. Nyuma yake, kwenye ofisi ambayo alikuwa ameifunga kwa komeo, sakafu ya mbao ililia mara moja. Kitu baridi kikamgusa kwenye panja la kulia, kisha la kushoto, vidole vikiirekebisha miwani ikae sawasawa puani, taratibu, kama mtu amtengenezavyo mtoto wake kabla ya kwenda shule.

"Kumi na nane kwenda nne," Asukile alisema. "Nakula mbili, naingia kingi. Ova."

Aliisema namba ya ushindi kwanza, ndipo akaivua miwani akaitupa, ndipo akakimbilia mlangoni. Hilo ndilo lililomtesa maisha yake yote kuliko kile alichokiona. Alipokuwa akihangaika na komeo, redio nyuma yake ilisema, na bohari zote tatu zilisikia:

"Juliana, mbona mmezima taa?"

"Baba," sauti ya msichana ilijibu kwa mbali, "ni mchana."

*

Seni ndiye aliyempeleka Usangu kwa Mbuke, shangazi yake, mganga aliyejulikana mpaka Chimala. Miwani waliifunga kwenye gunia, wakaiweka nyuma ya lori, na bado kioo cha dereva kiliingia ukungu kwa ndani safari nzima. Mbuke alikuwa mama mfupi, mwenye bangili za shaba mpaka kiwikoni. Hakulifungua gunia. Alilinusa tu.

"Hiki hakina mwanga wake," alisema. "Huchota kwa huyu kikampa yule. Wewe umeona vizuri miezi hii, siyo?"

"Ndiyo, mayu," Asukile alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma kama Seni.

"Uliona kwa macho ya nani?"

Asukile aliinama. Mbuke alimkalisha juani kutwa nzima, uso umefunikwa ngozi ya kondoo, akamfukiza majani machungu mpaka akatapika kitu chembamba cha kijani. Gunia lilishindiliwa ndani ya kichuguu na kuzibwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Walipokuwa wakiziba, ng'ombe wote zizini waligeuza vichwa upande mmoja, kama wanamtazama mtu anayepita.

"Mayu, limekwisha?" Asukile aliuliza.

"Nimelitoa kwako," Mbuke alijibu, akinawa mikono. "Lilikokwenda sikuliuliza. Sasa nenda ukaseme ulichofanya. Jambo la kuiba likifichwa linapata pa kulala."

Jumatatu alasiri Asukile alishika redio akasema yote, bila kujitetea. Makambako hawakujibu. Iringa hawakujibu. Ijumaa alipanda lori la Seni kwenda Iringa.

Nyumba ya Mzee Bartolomeo ilikuwa Kihesa, imetazama mawe makubwa ya kilima. Aliyefungua mlango ni Juliana.

"Wewe ndiye wa sheria?" aliuliza.

"Ndiye mimi, dada."

Juliana alimpisha. Alisema madaktari wa hospitali ya Tosamaganga wameyapima macho ya baba yake wakayakuta mazima, hayana doa wala mtoto wa jicho. Hayaoni tu.

Mzee alikuwa amekaa penye jua, na sweta ile ile. Asukile alipiga magoti.

"Kamwene, baba," alimsalimu kwa Kihehe. "Mimi Asukile."

"Naijua sauti yako, mwanangu. Inuka, sakafu ni baridi."

"Nimekuja kuomba radhi. Siwezi kukurudishia nilichokuchukulia."

"Huwezi," mzee alikubali. Akapapasa meza. "Juliana, lete ubao. Tumecheza miaka minne na huyu, hatujawahi kukaa meza moja. Vizibo vyake vigeuze, vya kwangu viache wima, nitavijua kwa vidole."

Walicheza. Lilikuwa jua la saa sita, mlango uko wazi, watoto wa jirani wanapita na ndoo. Asukile alitaja kila alichocheza, polepole, na mara mbili alimwonya mzee kwamba amegusa kete isiyo yake. Mzee alicheka. Juliana, aliyekuwa amegoma kumpa mgeni chai, alikwenda jikoni akaleta kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu Juni, Asukile alisikia kifua chake kikilegea.

Katikati ya mchezo mzee aliinamisha kichwa upande.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba. Dereva yuko barabarani na lori."

"Huyu anayepumua hapa sikioni kwangu ni nani?"

Juliana alitazama chumba kizima. Hapakuwa na mtu.

"Anazungumza," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Anasema nikila hapa, wewe utakimbilia kumi na tano. Anasema umeshaamua."

Asukile alikuwa ameshaamua. Kumi na tano, na alikuwa hajafungua mdomo.

"Baba, usimsikilize." Alijikuta ananong'ona. "Nakuomba. Tuache mchezo, tutoke nje, tutoke sasa hivi."

Mzee Bartolomeo hakuinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, ukawa kama wa mtu aliyelala njaa siku nyingi na sasa amesikia harufu ya chakula cha jirani.

"Hii ndiyo uliyokuwa unaiona wewe?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo hii."

"Ulinishinda mara ngapi nayo?"

"Mara nne."

"Mara nne," mzee alirudia. Mkono wake, wenye kidole kilichopinda, ulinyooka juu ya ubao bila kupapasa, ukaenda moja kwa moja kwenye kete inayotakiwa. Asukile aliudaka kwa mikono yake miwili. Ulikuwa baridi, na ulikuwa na nguvu ambazo mzee wa umri ule hana.

"Niachie, mwanangu," Mzee Bartolomeo alisema kwa upole wake ule ule. "Zamu yangu hii."