Chale za Bibi Biasha

Asubuhi ile Majengo, mjini Songea, palikuwa hapatoshi. Wazazi walikuwa wamefurika studio kwa Chande kuwapigisha watoto pasipoti za shule, na Nasrin, aliyekumbatia fremu ndani ya kanga, alikanyagwa kidole mpaka akapiga ukelele.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?" Aliyemkanyaga ndiye mwenye studio, kijana mrefu wa shati jeupe, kamera shingoni.

"Umenikanyaga kwa mguu au kwa gogo?"

"Kwa mguu. Gogo nimeliacha nyumbani."

Nasrin alitaka kununa, akajikuta anacheka. Akafungua kanga. Ndani ya fremu alikuwa Bibi Biasha, bibi yake aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, na aliyezikwa Tunduru wiki iliyopita. Unyevu ulikuwa umeigandisha picha kwenye kioo, ukungu umetafuna pembe, mikwaruzo imekatiza uso kutoka kipajini hadi kidevuni.

"Hana picha nyingine. Kadi yake ya kura imechuja, uso umebaki kivuli. Naitaka hii kwa ajili ya arobaini yake."

"Utamwona kama alivyokuwa," Chande aliahidi. "Niachie namba yako, nikikwama nikuulize."

Akakwama mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Simu zilianza kwa kuuliza rangi ya mtandio wa bibi, zikaishia kwa "umekula, mpenzi?" Akawa anatokeza hata kwenye duka la vitenge alikouza Nasrin, akijifanya anatafuta pazia la studio.

"Lakini nyie wa Tunduru," alimtania siku moja, "mnanukia korosho mpaka kwenye kucha."

"Na nyie wa Songea mnanukia nini? Majivuno?"

"Mapenzi, malkia wangu. Sogea unuse."

Siku ya kuchukua picha, Nasrin alivaa baibui lake jipya na mtandio wa manjano. Alikuwa na sababu. Mjomba Abdulswamadu, mtoto wa kwanza wa Bibi Biasha, alikuwa Songea kwa shughuli zake za korosho, na alasiri angepitia studio kuichukua picha. Kwao Wayao, posa hukubaliwa au hukataliwa na mjomba. Chande alikuwa ameshasema anataka kuposa, na leo mjomba angemwona kwa mara ya kwanza.

Chande aligeuza kioo cha kompyuta kwa madaha. "Karibu umwone."

Ukungu ulikuwa umetoweka. Mtandio ulikuwa na rangi yake ya zambarau. Na katikati ya mtandio palikuwa na uso laini, unaong'aa kama sahani iliyooshwa.

"Huyu nani?" Nasrin aliuliza.

"Bibi yako."

"Chale zake ziko wapi?"

"Chale?"

"Za mashavuni, Chande! Alizochanjwa akiwa mwali!"

Tabasamu likamtoka Chande. "Nilidhani ni mikwaruzo ya picha. Nikaisafisha yote."

"Mikwaruzo! Sema ulimwonea haya. Sisi si ndio wa kunukia korosho?"

"Nasrin, wallahi..."

"Usiape. Irudishe ile ya mwanzo."

Chande hakugusa kitu. "Nilisevu juu yake," alisema chini chini.

"Na karatasi yenyewe?"

Akavuta droo. Karatasi ilikuwa imechunika wakati wa kuibandua. Kuanzia machoni kwenda chini, bibi alikuwa amebaki kwenye kioo, vipande vipande.

Nasrin alitoka bila kuaga. Dukani alikaa juu ya robota la vitenge, simu ikiita, akiitazama tu. Ikaita tena. Kisha ukaingia ujumbe: *Studio nimeifunga. Nimetafuta picha za mabibi wenye chale, hakuna wawili waliofanana. Ningeweza kubandika za mwingine, pengine mjomba asingejua. Sitaki. Akija nitamwambia mwenyewe nilichofanya. Ila sikumwonea haya bibi yako.*

Alisoma, akasoma tena. Mkono ulikuwa umepanda shavuni pake bila yeye kuutuma. Utotoni hakuwahi kulala kabla kidole chake hakijapita kwenye chale zile, moja baada ya nyingine, gizani, akinusa tumbaku ya bibi. Macho yake yangeweza kusahau. Kidole hakikusahau.

Chande alipogongewa mlango wa studio na kufungua, alimkuta Nasrin nje ameshika kalamu ya wanja.

"Kaa hapo. Na usiongee, bado nina hasira."

Aliliacha pazia la mlangoni wazi, wapita njia waone. Akainama, akaanza kumchora shavuni. Mstari wa juu, mfupi. Wa kati umeshuka kidogo. Kando ya jicho, vidoti kama ufuta. Chande alibana pumzi. Nasrin aliona mshipa wa shingo yake unavyoruka, akatamani kuugusa, akajizuia.

"Unatetemeka," alimwambia.

"Umenikataza kuongea."

Chande alijipiga picha ya shavu kwa simu, akaiweka kando ya uso wa bibi. Safari hii akafungua tabaka jipya juu ya picha, ya chini asiiguse. Mstari mmoja ukarudi. Mwingine ukafuata. Nasrin alijiziba mdomo: bibi alikuwa anamtazama.

"Hodi!"

Mjomba Abdulswamadu alisimama mlangoni, kanzu ya kahawia, kofia ameiinamishia mbele.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba alikuwa akimtazama Chande shavuni.

"Nani kakuchora uso wa mama yangu?"

Nasrin alifungua mdomo, Chande akamwahi. "Nilizifuta mimi, mzee. Nilidhani ni uchafu wa picha, na ya zamani nimeiharibu. Nasrin ndiye kanionyesha zilipokuwa."

Mjomba alikisogelea kioo cha kompyuta. Akainama, akaifuata mistari mmoja mmoja kwa kidole. Kisha akanyoosha kiganja kwa Nasrin kuomba ile kalamu. Mkono wake mkubwa ukamshika Chande kidevu, wa pili ukachora mstari mdogo karibu na sikio.

"Huu mmeusahau. Mtandio ulikuwa ukiuficha. Alipokuwa amenibeba mgongoni, ndio niliokuwa nauona."

Chande akauongeza. Mjomba akavua kofia, akajifutia macho.

"Wazazi wako wapo?"

"Wapo, mzee. Hapa hapa Songea, Mshangano."

"Arobaini ikipita, waje Tunduru. Waje waseme wanachotaka." Akageuka mlangoni. "Na wewe kanawe uso."

Chande akaufuata mtungi wa maji kwenye kona. Nasrin akamshika mkono wa shati.

"Usinawe," alisema. "Bado sijamaliza kumtazama."